Wavu umejaa, bahari imepungua: inawezekanaje?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Kaka yangu ni mvuvi tangu ujana wake. Kila akisikia watafiti wakisema samaki wanapungua hucheka, kwa sababu nyavu zake zinarudi zimejaa vilevile kama zamani. Anauliza mtu anawezaje kuhesabu kitu asichokiona. Mimi nimesoma mahali kwamba ifikapo mwaka 2048 bahari zitakuwa hazina samaki kabisa. Nilipomwambia hivyo akacheka zaidi. Kati yetu nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, salaam nyingi, na kaka yako umfikishie zake. Nianze na neno litakalowaudhi wote wawili: nyote mmekosea, tena kosa lenu ni moja, ila limewatoa kwenye milango tofauti. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na kaka.

Kaka yako hasemi uongo. Nyavu zake zimejaa kweli, na mimi sina sababu ya kubishana na mtu aliyeshika kamba kwa mikono yake. Tatizo ni kwamba wavu hupima vitu viwili kwa mpigo, wingi wa samaki na ujanja wa anayewatafuta, kisha hukupa jibu moja lililochanganywa. Wavu wenyewe hauwezi kukuambia kipi kimeongezeka na kipi kimepungua.

Samaki wanaoishi kwa makundi, kama dagaa, heringi na jodari, hawatawanyiki wanapopungua. Hujikusanya. Kundi ndiyo kinga yao dhidi ya adui, kwa hiyo waliosalia husogeleana na kurudi kwenye yale maeneo machache yenye chakula na maji yanayowafaa. Fikiria ukumbi wenye watu elfu moja wanaomsikiliza msemaji. Watu wakianza kutoka mmoja mmoja, waliobaki husogea mbele. Aliyeketi safu ya kwanza akigeuka kulia na kushoto haoni kiti kitupu hadi dakika za mwisho kabisa. Mvuvi mzoefu ndiye huyo wa safu ya kwanza. Hatupi wavu popote, huenda pale anapojua samaki wapo, na uzoefu wake ukizidi ndivyo anavyozidi kuchelewa kuona viti vya nyuma vikibaki vitupu.

Halafu kuna vifaa. Injini yenye nguvu zaidi, uzi mwembamba usioonekana majini, setilaiti inayomrudisha mtu mahali pale pale alipopata samaki jana, chombo cha sauti kinachomchorea kundi kabla hajatupa chochote. Makadirio mengi huweka ongezeko la uwezo wa uvuvi litokanalo na mambo haya kwenye asilimia 2 hivi kwa mwaka. Inaonekana ndogo, lakini kwa miaka 35 uwezo huo unakuwa mara mbili. Maana yake, mtu anayepata leo kile kile alichopata miaka 35 iliyopita, kwa saa zile zile za kazi, huenda anavua kwenye maji yenye nusu tu ya samaki wa wakati ule. Na hajui, kwa sababu pengo limezibwa na mashine yake mwenyewe.

Mfano ambao kila mtafiti wa uvuvi hufundishwa ni wa Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada, na samaki wake ni kodi. (Naam, jina linafanana na ushuru, na pale lililipwa kweli.) Huyu ni samaki wa maji baridi, mkubwa, anayekaa karibu na sakafu ya bahari, na uvuvi wake pale ulidumu kama miaka 500. Mwaka 1968 meli kubwa za kukokota nyavu, nyingi zikitoka Ulaya, zilitoa karibu tani 800,000. Kisha mavuno yakaporomoka. Mwaka 1977 Kanada ikatanua mamlaka yake ya uvuvi hadi maili 200 za baharini, ikawaondoa wageni wengi, na kila mtu akaamini kwamba sasa samaki watarudi.

Katika miaka ya 1980 takwimu za meli kubwa za Kanada zilipendeza macho. Kila saa ya kukokota ilileta samaki wengi zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Watafiti walikuwa na vipimo viwili mezani: hizo takwimu za meli za biashara, na safari zao wenyewe za utafiti, ambazo hazikuwa na habari njema kama hiyo. Wakavichanganya, na mchanganyiko ukatoa picha yenye matumaini kupita kiasi. Wakati huo huo kundi la tatu lilikuwa likipiga kelele, nalo ni wavuvi wadogo wa pwani waliotumia mitego isiyohama. Wao hawakuweza kumfuata samaki, walimngoja aje. Waliona anakuja mchache na mdogo kwa umbo. Hawakusikilizwa vya kutosha.

Mwambie kaka yako hapo asimame kidogo, maana kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni cha wavuvi wajinga na wasomi wenye hekima. Haikuwa hivyo. Wavuvi wenye mitego ndio walioona mapema. Walioona nyavu zimejaa hadi siku za mwisho ni wenye meli zilizoweza kulisaka kundi popote lilipokimbilia. Mtego uliokaa mahali pamoja ulikuwa kipimo bora kuliko meli ya mamilioni, na sababu ni moja tu: haukuwa na ujanja wowote wa kuongeza.

Mwaka 1989 watafiti walipokokotoa upya waligundua kwamba samaki walikuwa wakiuawa kwa kasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, wakashauri mgao, yaani kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka, ukatwe kwa zaidi ya nusu. Wanasiasa wakaupunguza kidogo tu. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ukafungwa. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Ilitangazwa kuwa kufungwa huko kungedumu miaka 2. Kulidumu 32. Ni mwaka 2024 tu ambapo Kanada ilitangaza kufungua tena uvuvi wa biashara, kwa mgao wa tani 18,000. Linganisha na zile 800,000.

Sasa lile swali la kuhesabu usichokiona. Ni swali la haki, na jibu lake la kwanza huwashangaza wavuvi wengi: mtafiti hutafuta samaki vibaya kwa makusudi. Ramani ya eneo hugawanywa vipande, kisha vituo vya kutupia wavu huchaguliwa kwa bahati nasibu. Vingine huangukia mahali ambapo mvuvi yeyote mwenye akili timamu asingepoteza mafuta yake. Wavu huwa wa aina moja, mwendo wa meli mmoja, muda wa kukokota mmoja, mwaka hadi mwaka, hata kama nyavu bora zaidi zimeshaingia sokoni. Marekani imekuwa ikifanya safari za namna hii kila vuli, kaskazini mashariki mwa pwani yake, tangu mwaka 1963. Meli ya utafiti ilipozeeka ikabidi ibadilishwe, waliendesha ya zamani na mpya sambamba, mamia ya mara, ili kujua samaki 10 wa meli hii ni sawa na wangapi wa ile. Kazi ya kuchosha kweli, lakini bila hiyo miaka zaidi ya 40 ya takwimu ingekuwa karatasi za kufungia vitu.

Lengo la utaratibu huo ni kuondoa ujanja ili kibaki kipimo cha samaki peke yake. Ndiyo maana mvuvi akipanda meli ya utafiti hupata hasira: "Mbona mnatupa hapa? Hapa hakuna samaki!" Hiyo ndiyo habari tunayoitaka. Mahali patupu pia pana hesabu yake. Na ili nisiwapambe wenzangu kupita kiasi, niongeze kwamba mwaka 2002 iligundulika kuwa meli hiyo hiyo ya Marekani ilikuwa imekokota wavu kwa nyaya zisizolingana urefu tangu mwaka 2000. Waliolibaini tatizo ni wavuvi.

Njia ya pili ni sauti. Majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Meli hutuma mlio kwenda chini, mlio hugonga vitu na kurudi, na muda wa kurudi huonyesha kina. Kinachorudisha sauti zaidi katika mwili wa samaki si nyama, ni kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Mwaka 1935 mtafiti wa Norwe, Oscar Sund, alichapisha picha za mwangwi wa makundi ya kodi katika eneo la Lofoten, na tangu hapo fani hii haijarudi nyuma. Kwa nguvu ya mwangwi unaweza kukadiria tani zilizopo chini yako. Lakini makareli wa Atlantiki hana kibofu hicho, na mwangwi wake ni hafifu sana. Kwa samaki huyo watafiti wa Ulaya huhesabu mayai: kila baada ya miaka 3 meli za nchi kadhaa hupita zikichota maji kwa nyavu laini, wanahesabu mayai yanayoelea, kisha wanajiuliza ni majike wangapi wangehitajika kutaga mayai yote haya.

Ya tatu ni alama, nayo ni rahisi kiasi kwamba kaka yako anaweza kuifanya kichwani. Unavua samaki 200, unawafunga alama, unawarudisha majini. Baadaye unavua 300 na kukuta 15 kati yao wana alama. Yaani samaki 1 kati ya kila 20 ana alama, na alama ulizoweka ni 200. Basi wote kwa pamoja ni kama 4,000. Mdenmaki C.G. Johannes Petersen aliweka alama samaki bapa kwa kazi ya namna hii katika miaka ya 1890. Hesabu ni nyepesi, masharti yake ndiyo mazito. Alama zisidondoke, samaki wenye alama wasife haraka kuliko wenzao, wachanganyike vizuri na wengine, na mvuvi anayeikuta alama airudishe badala ya kumpa mtoto achezee.

Siku hizi kuna njia nyingine inayopendwa na magazeti: kuchota lita moja ya maji na kusoma vinasaba ambavyo samaki wameviacha kwa magamba, ute na kinyesi. Ni nzuri mno kwa kujua nani yupo, hasa spishi adimu. Kwa kujua wapo wangapi bado ni dhaifu, kwa kuwa mkondo huweza kubeba mabaki hayo kutoka kwingine na joto huyaharibu mapema.

Lakini idadi peke yake ni nusu ya kazi. Ukinipa nafasi ya kujua jambo moja tu kuhusu samaki wa eneo fulani, sitauliza ni wangapi. Nitauliza wana umri gani.

Ndani ya kichwa cha samaki wengi wenye mifupa mna vijiwe vidogo, jozi tatu, vya madini yale yale yanayojenga magamba ya konokono. Ni vijiwe vya sikio. Humsaidia kusikia na kujua amelalia upande gani. Hukua maisha yake yote kwa kuongezewa tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa samaki hukua kwa kasi msimu wa joto na chakula tele na polepole msimu wa dhiki, tabaka hizo hutofautiana. Kata kijiwe katikati, kisugue, kiweke chini ya darubini, uhesabu duara kama unavyohesabu duara za mti uliokatwa. Kwa samaki wachanga unaweza kuona hata alama ya kila siku, jambo lililogunduliwa mwaka 1971. Ni kazi ya kuinamisha shingo kutwa nzima, na wasomaji wawili hawakubaliani kila mara. Hata hivyo hakuna daftari la kuzaliwa lililotunzwa vizuri kuliko hilo.

Mtu aliyeonyesha thamani ya umri ni Johan Hjort wa Norwe. Wakati wake wavuvi wa heringi walikuwa na miaka ya neema na miaka ya njaa, na wengi waliamini samaki huhama tu, huja na kwenda. Hjort na wenzake wakasoma magamba ya heringi, ambayo nayo yana duara, maelfu kwa maelfu. Wakakuta kitu cha ajabu. Mwaka baada ya mwaka, sehemu kubwa ya mavuno yote ilikuwa rika moja: samaki waliozaliwa mwaka 1904. Wakiwa na miaka 5 walitawala, wakiwa na 6 walitawala, wakiwa na 9 bado walikuwa wao. Miaka mingine ilikuwa imezaa karibu patupu. Alipochapisha matokeo hayo mwaka 1914 alieleza kwamba wingi wa samaki huamuliwa na wiki chache za mwanzo wa maisha, pale kiluwiluwi anapomaliza kiini cha yai na kulazimika kupata chakula chake cha kwanza. Akikikuta, rika zima hupona. Akikikosa, mamilioni hufa bila mtu kuona.

Ukishalijua hilo, wavu wa kaka yako unasomeka upya. Huenda umejazwa na rika moja lililobahatika miaka 5 iliyopita, na nyuma yake hamna kitu. Mavuno yatabaki mazuri hadi rika hilo liishe, kisha yatakatika ghafla, na watu watalaumu mwezi, mkondo au jirani.

Makosa ya umri yanaweza kuwa ghali sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na New Zealand, meli zilianza kuvua samaki mwekundu wa vilima vya kina kirefu, kwenye mita 700 hadi zaidi ya 1,000. Kwa Kiingereza ukoo wake huitwa "kichwa-ute", wafanyabiashara wakambandika jina jipya lenye rangi ya chungwa, "orange roughy", ili auzike. Mwanzoni alidhaniwa anaishi miaka 20 au 30, na mgao ukapangwa kwa dhana hiyo. Vijiwe vyake viliposomwa vizuri ikaonekana anavuka miaka 100, na huanza kuzaa akiwa na miaka 30 hivi. Mtu alikuwa anavuna msitu wa mivule akidhani ni shamba la mahindi. Maeneo kadhaa yalimalizwa kabla watoto wa samaki waliokuwapo mwanzoni hawajafikia umri wa kutaga.

Unaweza kuuliza tunajuaje kwamba duara moja kweli ni mwaka mmoja. Jibu moja linatoka mahali pasipotarajiwa: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni yenye mionzi angani, ikaingia baharini, ikajichora kwenye vijiwe vya samaki wote waliokuwa wakikua wakati huo. Ni muhuri wa tarehe uliogongwa dunia nzima. Kwa kutumia kaboni iliyomo kwenye lenzi ya jicho, mwaka 2016 watafiti walikadiria umri wa papa wa Greenland, ambaye hana vijiwe vya kusomeka: jike mkubwa kuliko wote waliopimwa alikadiriwa kuwa na miaka kati ya 272 na 512. Inakadiriwa huanza kuzaa akikaribia miaka 150.

Na umri una jambo jingine ambalo wavuvi wengi hulijua kwa macho, ingawa sheria nyingi bado hazilijui. Majike wakubwa hawatagi mayai mengi kidogo tu kuliko wadogo. Kodi mmoja wa kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo 2, ingawa hao 28 kwa pamoja wana uzito wa kilo 56. Ukiwaondoa wakubwa na kuacha wadogo, mizani inaweza kusema samaki bado wapo tani zile zile, ilhali uzazi umeporomoka. Mimi binafsi nadhani desturi ya kuruhusu samaki yeyote aliyezidi kipimo fulani, bila kikomo cha juu, imetugharimu sana.

Je, basi uchukuliwe samaki kiasi gani? Nitapita hapa haraka, kwa sababu hesabu zake ni ndefu na wazo lake ni fupi. Mwaka 1954 mtafiti wa uvuvi Milner Schaefer aliweka kwenye hesabu wazo hili: samaki wakiwa wengi mno hubanana na kukua polepole, wakiwa wachache mno hakuna wa kuzaa, katikati, karibu na nusu ya wingi wa asili, ongezeko lao la kila mwaka huwa kubwa kuliko mahali pengine popote. Chukua ongezeko hilo tu na bahari haitapungua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 unalitaja lengo hilo. Shida ni kwamba kilele hicho kiko ukingoni mwa jabali. Ukikosea kidogo kwa kuchukua pungufu, unapoteza kidogo. Ukikosea kwa kuzidisha kila mwaka, unashuka nacho. Na vipimo vyetu, kama ulivyoona, vina makosa. Ndiyo maana wasimamizi wenye busara huelekeza mgao chini ya kilele.

Bahari yenyewe nayo hubadilika. Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wake, anchoveta, mwaka 1970. Mwaka 1972 ikaja El Niño, maji ya joto yakazuia yale baridi yenye rutuba, na mwaka 1973 mavuno hayakufika hata milioni 3. Samaki hao waliwahi kupita El Niño nyingi kabla, ila safari hii walikuwa wameshapunguzwa. Walirejea baada ya miaka mingi, na leo Peru hupima kwa sauti kabla ya kufungua msimu. Mwaka 2023, joto lilipopanda na uvuvi wa majaribio ukaleta samaki wachanga kupita kiasi, msimu wa kwanza wa mwaka ulifutwa wote. Ilikuwa hasara kubwa. Nadhani walifanya sawa.

Tuje kwako na 2048 yako.

Namba hiyo ilitokana na makala ya kisayansi ya Boris Worm na wenzake ya Novemba 2006. Makala yenyewe ilihusu hasa faida za kuwa na spishi nyingi baharini. Ndani yake mlikuwa na mchoro: kila aina ya samaki ambayo mavuno yake yalishuka chini ya asilimia 10 ya kiwango chake cha juu kabisa ilihesabiwa kuwa "imeporomoka". Mstari wa aina hizo ulikuwa ukipanda. Ukiurefusha mbele bila kubadilisha chochote, unagonga asilimia 100 mwaka 2048. Magazeti yakauchukua mstari huo, na tangu siku hiyo haujaacha kutembea.

Umeliona lile kosa? Mchoro ulitumia mavuno kama kipimo cha samaki. Mavuno yanaweza kushuka kwa sababu samaki wamekwisha, lakini pia kwa sababu serikali imekata mgao, wanunuzi wamehamia kwa samaki mwingine, au meli zimepelekwa kwingine. Kaka yako aliona wavu umejaa akasema bahari imejaa. Wewe ulisoma kwamba nyavu zitakuwa tupu ukasema bahari itakuwa tupu. Nyote mmeisoma bahari kwa wavu.

Mtafiti wa uvuvi Ray Hilborn, aliyekuwa miongoni mwa waliolipinga jambo hilo kwa ukali zaidi, alikaa na Worm wakakusanya vipimo vya samaki wenyewe, si mavuno tu. Mwaka 2009 walichapisha matokeo pamoja na wenzao: katika mifumo 10 ya bahari iliyochunguzwa vizuri, 5 ilikuwa imepunguza kasi ya kuvua, ingawa asilimia 63 ya akiba za samaki (akiba ni samaki wa aina moja wa eneo moja) zilizopimwa bado zilihitaji kujengwa upya. Mahasimu wawili kukubaliana kwenye makala moja ni jambo adimu katika fani yetu, nami huliheshimu kuliko tamko la mkutano wowote.

Hali ilivyo sasa, kwa tathmini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2025 iliyopitia akiba 2,570 za samaki duniani, asilimia 35.5 zinavuliwa kupita uwezo wake. Katikati ya miaka ya 1970 kiwango kilikuwa kama asilimia 10. Si mwisho wa dunia, wala si habari ya kuchekea. Na zipo zilizopona: jodari mkubwa wa Atlantiki, yule ambaye miaka ya 2000 wengi walimwandikia tanzia, alipunguziwa mgao kwa nguvu, na mwaka 2021 orodha ya viumbe walio hatarini ikamwondoa kundi la walio hatarini na kumweka kwenye wasio na wasiwasi mkubwa, ingawa tawi lake la magharibi bado ni dogo. Heringi wa Bahari ya Kaskazini alifungiwa mwaka 1977, akarudi. Wanaopona karibu wote wana sifa moja: kuna mtu anayewapima. Wanaotutia hofu zaidi ni wale wasiopimwa, na wengi wao huvuliwa na watu wenye vyombo vidogo, mahali ambapo meli ya utafiti haijawahi kutia nanga.

Hapo ndipo kaka yako anaweza kutusaidia kuliko anavyodhani. Aache kuandika mavuno peke yake. Aandike saa alizotumia hadi wavu kujaa, na umbali aliokwenda kutoka nchi kavu. Aandike siku alizorudi mikono mitupu, ambazo watu huzisahau upesi na ambazo kwetu ni dhahabu. Apime urefu wa samaki 50 hivi wa aina moja kila mwezi, bila kuchagua, wale wa juu juu kwenye tenga na wale wa chini. Akibadilisha injini au wavu, apige mstari kwenye daftari tarehe hiyo. Baada ya miaka 3 aketi na daftari ajiulize: najaza wavu kwa saa zile zile? Naenda mbali zaidi? Samaki wangu wakubwa wapo wapi? Majibu yakiwa mazuri aniandikie, nami nitafurahi kucheka pamoja naye.

Na akikuta samaki mwenye kijialama cha plastiki mgongoni, asimtupie mtoto. Aandike namba, tarehe, mahali na urefu, aipeleke alama yenyewe ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye. Mahali fulani kuna mtu anayesubiri hiyo 1 kati ya 20.